Nimeomba Vikombe vya Gauni, Mama Mkwe Kaniletea vya Chai

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla sijaharibu, naandika haya nyuma ya kaunta ya posta ninapopokea vifurushi, na kila mteja akiondoka naongeza mstari. Naolewa baada ya wiki tatu, na gauni nitakalovaa si langu, ni la mama wa mchumba wangu, alilivaa siku yake akalitunza sandukuni miaka thelathini na moja, na siku ya kunipa alinivalisha kwa mikono yake, akafunga vifungo vyote vya mgongoni, akanigeuza mbele ya kioo akasema, "Limekukaa, mwanangu." Na kweli limenikaa, ila nikiwa nimesimama wima tu, maana halina mabega wala kamba, na kifua changu ni kizito, kwa hiyo nikiinua mkono linateremka, nikicheka linateremka, na kila nikilijaribu natembea nimebana makwapa kama mtu aliyewekewa vipimajoto viwili.

Nikalipeleka kwa fundi cherehani wetu, mama mmoja hodari asiyecheka, akapitisha vidole kati ya kitambaa na kifua, akasema, "Hapa hakuna kinachokubeba. Tutie vikombe." Nikauliza vikombe gani, akanionyesha vile vya sponji vya sidiria, vinashonewa humo humo ndani. "Lakini gauni la mtu siligusi mpaka mwenyewe aruhusu." Mimi kumweleza mama mkwe habari za matiti yangu nikaona haya, nikamtuma mchumba, nikamwambia, "Mwombe mama ruhusa ya vikombe vya gauni." Akauliza, "Vikombe?" Nikamwambia, "Wewe mwambie tu, ni mambo ya wanawake, ataelewa."

Juzi mchumba kaja na mfuko. Ndani mna vikombe viwili vya chai vya kaure, vyeupe, vina ua la buluu, na visahani vyake, vimefungwa gazeti mara tatu na mikono ya vikombe imezungushiwa pamba. "Mama kasema uvitumie. Ndivyo walivyonywea na baba siku yao." Wifi yangu alipoviona alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Mama ana mafumbo huyo. Anakwambia kifua hicho kakibebe kwa kaure." Sasa sijui kama hakuelewa au ameelewa akanisema. Na fundi kila siku ananiuliza, "Nishone nisishone?" Nami nawaza, si kasema nivitumie? Nikimwambia fundi ruhusa imepatikana, nitakuwa nimedanganya?

Ni mimi, Anayebana Makwapa.

*

Anayebana Makwapa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sababu ya kwanza nilikuwa nacheka. Sasa nimeacha.

Tuanze na kazi yako. Unashika vifurushi mchana kutwa, unajua mtu anavyofunga kitu anachokipenda. Mwenye kejeli hazungushii mkono wa kikombe pamba. Mama huyo hakuelewa, basi. Kaambiwa mkwe wake anataka vikombe vya kwenda na gauni, kaenda kabatini kwake, katoa vile asivyompa mtu. Wifi yako anatafuta cha kucheka, na amekipata. Acheke, lakini usimfanye mkalimani.

Ndiyo, utakuwa umedanganya. Ulilijua hilo kabla hujachukua kalamu. Mteja akitia sahihi kuchukua barua yake, humpi na kifurushi cha jirani kwa kuwa majina yao yanafanana.

Na huyo mchumba usimlaumu. Umempa neno usilomfafanulia, ukamfungia mlango kwa "mambo ya wanawake", kisha unashangaa limefika likiwa jingine. Binti, mwanamume huyu utaishi naye. Kama wiki tatu kabla ya ndoa huwezi kumwambia "matiti yangu ni mazito, gauni linaanguka", siku utakapougua utamwambia kwa ishara?

Haya hiyo inatoka wapi, ndilo ningependa kujua. Nimesoma vitabu vingi vya mavazi, na katika vyote sijakutana na mwanamume anayeona haya kwa nguo yake kutiwa msaada. Lifungue koti la bwana harusi wako. Mabegani mna sponji, kifuani mna kitambaa kigumu cha kulisimamisha. Watakaomsifia mabega, nusu ya mabega hayo kayashona fundi, na hakuna aliyenong'ona. Kifua chako kina uzito, na uzito hutaka pa kuegemea. Hiyo ni habari ya ujenzi.

Sasa sikiliza, na umsomee fundi wako. Kitambaa cha nje kisiguswe. Vikombe vishonewe kwenye bitana, kwa mkono, kwa mishono mirefu itakayofumuliwa baada ya harusi bila kuacha alama. Na vikombe peke yake havitoshi, vinapanga umbo tu. Kinachobeba gauni ni kiuno: atie utepe mgumu wa ndani, upana wa vidole viwili, ufungwe kwa kulabu kiunoni kabla ya vifungo vya mgongoni, na ubavuni apitishe vijiti vya plastiki kutoka kwenye utepe huo hadi juu. Kisha ukae, uiname, uinue mikono, ucheke. Likishuka hata kidogo, kazi haijaisha.

Lakini kabla ya sindano, Jumamosi nenda kwa mama mkwe, bila mchumba, bila wifi. Mshukuru kwa vikombe vyake, na umweleze jinsi vilivyofika kwako, mcheke pamoja. Halafu sema kwa maneno haya haya: "Mama, gauni linanianguka. Fundi anataka kushonea vikombe vya sidiria na utepe kwenye bitana, na baadaye vitafumuliwa. Unaniruhusu?" Akikataa, usibishe wala usilie. Lake ni lake. Likunje umrudishie, ukatafute lenye mabega, na umpende vilevile.

Ila usimuulize ukiwa umekaa na gauni mfukoni. Livae mbele yake, uinue mikono yote miwili. Likiteremka, usikimbilie kulishika. Mwache alipandishe yeye.