Protini Isiyotoka Sahanini

Kaka yangu mpendwa,

Sisi tupo, cherehani imetengenezwa, ila kichwa kinanizunguka. Daktari anasema seli za uvimbe wa titi la Mama zina protini nyingi mno kwenye utando wa nje, na ndiyo inayozichochea zikue na kusambaa. Mama akauliza, "Basi niache mayai?"

Daktari akatabasamu. "Kula tu, mama. Hii mwili unaitengeneza wenyewe."

Mwili wake mwenyewe unamgeukaje, kaka? Mimi niliitikia tu.

Njiani Mama akanishika mkono. "Amesema zinasambaa. Zimefika wapi?"

Nikamjibu sijui. Ilhali daktari alishaninong'oneza mlangoni: mapafuni. Hilo ndilo pekee nililolielewa.

Njoo, umwambie wewe. Mimi ulimi umekataa.

Dada yako, fundi wa nguo