Dirisha Nililolipigilia Misumari

Fandriana,
12 Julai.

Mpendwa mdogo wangu Ralaivao,

Goti lako linasemaje na baridi ya huko Antananarivo? Na mkaza mwanao, mimba yake inaendeleaje? Mimi mzima kama jabali. Kalamu hii ndiyo inanitoa jasho; fahali hawajawahi.

Mjukuu wangu Volatiana amejifungua mtoto wa kiume, kichwa kikubwa kama changu. Chumba nilikitayarisha mwenyewe, kama walivyotayarishiwa mama zetu: dirisha nikalipigilia misumari, nyufa nikaziba kwa matambara, makaa yakawaka, mzazi akafunikwa blanketi nne. Hakuna kijijini anayeziba chumba kama mimi.

Mkunga wetu, Bi Harisoa, aliyemzalisha alfajiri, akarudi kumtazama. Volatiana midomo ilishapauka, anasema ni usingizi tu. Mkunga akapeleka mkono chini ya blanketi, ukatoka mwekundu. Kumbe blanketi zilikuwa zinakunywa damu, na sisi tumekaa tunakunywa uji.

"Babu, fungua dirisha," mkunga akaniambia. "Nataka mwanga."

"Baridi ikimwingia mifupani, utaitoa wewe?"

"Baridi haijamuua. Giza lako ndilo litamuua."

Unanijua. Nikasimama pale pale. Nikamwambia nimeshona ng'ombe waliotobolewa na pembe kabla yeye hajaota meno.

"Haya, fundi wa ng'ombe. Tumbo la uzazi nimelishika, limekaza kama ngumi, na damu bado inakuja. Inatoka wapi?"

Hilo nalijua hata usingizini. "Kuna mahali pamechanika."

"Na wewe hushona gizani?"

Misumari niliing'oa kwa mikono, Ralaivao. Kucha mbili zimekwenda nayo.

Nikakaa nje, mgongo ukutani chini ya dirisha, naye akashona, kuanzia ndani kuja nje, tabaka kwa tabaka. Fahali wangu hushikwa na wanaume sita na bado anarusha teke. Huyu binti alipigwa sindano ya ganzi, basi, nikamsikia anamwimbia mtoto huku anashonwa. Nilivua kofia. Hapakuwa na mtu wa kumvulia, nikaivua tu.

Damu ilikata. Sasa anajisafisha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na mkunga huja kuutazama mshono. Ameonya: homa ikipanda, au haja ikimtoka bila yeye kutaka, hospitali siku hiyo hiyo.

Mkaza mwanao akijifungua, mfunikeni mpendavyo. Ila mkono upite chini ya blanketi kila mara, na dirisha lisiguswe na nyundo.

Nisalimie shemeji Razanany na mwanao Solofo. Wazee wetu waliotangulia wawape joto, na mwanga pia.

Wako akupendaye,
kaka yako Ramanjato,
aliyelifungua dirisha.