Vumbi Kifuani mwa Kulwa

Jumatatu, 4 Novemba
Kidato cha Tatu, seli. Nimechora mitokondria ubaoni, darasa likacheka. Imetoka kama kiazi kitamu. Nimewakaririsha kwamba ATP ni nishati ya seli, kama nilivyokaririshwa mimi. Chaki. Jua kali. Kurudi nyumbani, Kulwa ameketi barazani.

Kulwa ni pacha wangu. Alitangulia kuzaliwa na hajaniacha nisahau. Ametoka Rwamgasa, anakosaga mawe ya dhahabu kwenye karasha, kile kinu cha chuma kinachonguruma kutwa. Kaja kupumzika kidogo, anasema. Amekonda. Anakohoa kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na watu.

Jumanne, 5 Novemba
Asubuhi mke wangu, Mama Neema, kamwamkia. "Shikamoo shemeji. Umelalaje?"
"Marahaba. Nimelala nimekaa."
Mama Neema alicheka, kisha akaacha kucheka.

Kulwa anakunywa maziwa, jagi zima. Machimboni wanaamini yanaosha vumbi kifuani. Nikamwambia maziwa huenda tumboni, mapafu ni chumba kingine. Akasema pamoja na elimu yote hiyo sina hata ng'ombe mmoja.

Alhamisi, 7 Novemba
Hospitali. Makohozi hayana TB. Eksirei ina madoadoa meupe, mapafu yote mawili. Silikosisi. Vumbi la mawe. Halitoki, na hakuna dawa ya kulitoa. Akiendelea na karasha, pumzi itamwishia mapema. Akiacha, huenda makovu yakaenda polepole. Huenda.

Kulwa kauliza kama anaweza kumalizia msimu. Daktari kasema hapana. Kulwa akatazama dirishani.

Naogopa.

Ijumaa, 8 Novemba
Nimesoma baada ya vipindi. Kumbe ATP ikiwa nje ya seli ni kitu kingine kabisa. Ni yowe. Seli mlinzi inameza punje ya jiwe, haiwezi kuiyeyusha, inapasuka. ATP inamwagika. Seli jirani zina vipokezi, kama masikio. Zikiinasa tu zinakuja mbio, na uvimbe unaanza. Kidonda cha kawaida hupona kwa njia hiyo. Lakini punje ya jiwe haifi. Mlinzi mwingine anaimeza, naye anapasuka. Yowe upya. Kovu juu ya kovu. Hata mishipa ya fahamu inayoamsha kikohozi ina masikio hayo hayo. Ndiyo maana anakohoa na hakuna kinachotoka.

Miaka yote hii nafundisha nusu ya habari, tena kwa kujiamini.

Jumamosi, 9 Novemba
Nimemweleza kwa mfano wa mwano. Kwetu Usukumani mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa kila mwanamume anatoka na fimbo. Asiyetoka anatozwa faini. Kulwa amewahi kuwa sungusungu, anajua. Nikasema kifuani mwake mwano unapigwa kila siku, walinzi wanatoka, wanakufa, wanaitwa wengine.

Alifikiri sana.
"Na mwizi hakimbii?"
"Hana miguu. Ni jiwe."
"Basi walinzi wako ni wajinga, mwalimu. Sisi tungefunga njia kwanza, wezi wengine wasiingie."

Nikajiona nimeshinda. Mama Neema akanikonyeza. Ndipo Kulwa akasema kesho anarudi Rwamgasa.

Jumapili, 10 Novemba
Kaondoka na basi la kwanza. Hatukugombana, ingekuwa afadhali. Kwaya nimeimba vibaya kuliko kawaida, na kawaida yangu si nzuri.

Jumatano, 13 Novemba
Simu yake imezimwa tangu Jumapili. Namkasirikia. Nimempigia Shija, mwenzake wa karasha. Kinu kinanguruma nyuma yake. Anapiga kelele kwamba Kulwa yupo, yuko kazini. Kisha ikakatika. Kabla haijakatika nilisikia kikohozi. Nakijua. Nimekisikia kupita ngurumo ya kinu.

Leo sikufundisha kitu. Nimewapa jaribio.

Jumamosi, 16 Novemba
Kulwa amerudi. Na godoro. Mtu habebi godoro kwa kuja kusalimia.

Alikwenda kumkabidhi Shija kinu, na kumwonyesha namna ya kulowesha mawe kabla ya kusaga. Kamwambia sababu, kwa kutumia mwano. Shija kaelewa upesi kuliko wanafunzi wangu. Simu aliizima kwa kuwa alijua nitamhubiria. Ni kweli, ningemhubiria. Wengine pale wamemcheka: mtu mzima anaogopa vumbi. Hilo limemuuma. Amelisema mara mbili, na mara zote mbili kalisema kama mzaha.

Hajui atafanya nini sasa. Mimi pia sijui. Nimemwambia tutaona, jibu langu la darasani.

Jumapili, 17 Novemba
Mvua imenyesha alfajiri. Mama Neema kafua nguo za Kulwa. Maji ya kwanza meupe kama uji. Ya pili meupe. Ya tatu kayamwaga bila kuyatazama.

Bado anakohoa. Daktari alisema kikohozi kitabaki.

Jioni tumekwenda kuangalia shamba la choroko. Si mbali. Njiani alisimama, kashika kiuno, anatafuta pumzi. Nami nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Nilikuwa nimevaa kandambili.

Kulwa aliona. Alipokuwa tayari, tukaendelea.