Yatazame Maji Kabla Hujauza

Mdogo wangu Zaituni,

Asalaam alaikum. Vipi goti lako, bado linakusumbua ukiinuka kwenye sala? Mimi niko hapahapa Muyinga na cherehani yangu. Wateja hawajaacha kukicheka Kiswahili nilichorudi nacho kutoka Tanzania baada ya miaka yote ile ya ukimbizi. "Mzee, we unaongea kama redio!" Nawajibu kwamba redio haishoni suruali.

Huku ni ukame. Mvua ya kwanza ilikuja, maharage yakaota, kisha ikaondoka kama mgeni aliyekosea nyumba. Tumepanda tena. Kile kijito cha bondeni, ambacho ulipaswa kuvua viatu kukivuka, nimekipita na viatu vyangu vya Ijumaa. Nakuandikia haya usije ukadhani nabisha. Hali ya hewa, hiyo mnayoiita klima, imebadilika, nimezeeka nikiitazama.

Lakini barua yako imeninyima raha. Unasema korongo la Magarama, hapo kwenu Gitega, limefika nyuma ya jiko lako, na yule jirani mpya wa juu, mwenye ghala la saruji, amekuja na huruma zake: "Dada, hii ni mambo ya klima. We utapigana na mvua? Uniuzie mi nyumba, kabla shimo haijakula yote." Nawe umeanza kufunga vyombo.

Zaituni, huruma hiyo naishuku. Nani ananunua shimo?

Hapa kwetu mjane mmoja alikuwa na shamba bondeni. Aliambiwa vilevile: dunia imebadilika, bonde limekufa, uza. Akauza kwa bei ya kutupa. Mnunuzi akapanda juu, akabomoa kizuizi alichokuwa amekijenga mwenyewe kwenye kijito, maji yakarudi. Leo anauza kabichi, na mjane ni mteja wake.

Baba alipokuwa hai mvua kubwa zilikuwapo, ingawa si kali kama hizi zenu za sasa. Huko juu kulikuwa na migomba na majani, maji yakizama humo. Tangu Gitega iwe makao makuu ya nchi, naambiwa mlima mzima umevaa bati. Bati halinywi maji. Je, ghala lile lina mifereji? Maji ya paa lake yanakwenda wapi? Hukuniandikia, na yeye, nadhani, hakukuambia.

Unakumbuka Mama alivyotafuta njia ya maji yaliyoingia nyumbani? Alimwaga pumba za mtama juu, akazisubiri chini. Fanya hivyo. Wingu likikusanyika, mwambie binti yako azimwage nje ya ua wa ghala, pale maji ya paa yanapotokea. Wewe simama jikoni na mwavuli, utazame korongo.

Pumba zisipofika, nimemdhulumu mtu kwa dhana. Uza, nami nitakuja kukubebea masufuria. Zikifika, mwambie jirani aweke mifereji na achimbe shimo la maji kwake kwanza, ndipo aje na huruma.

Nisalimie binti yako na mumewe fundi baiskeli, na shangazi yetu wa Itaba, ambaye najua atasema nina roho mbaya. Mwambie ni kweli, lakini sijawahi kuuza nyumba kwa hofu.

Usitie kidole gumba kwenye karatasi yoyote kabla mvua haijanyesha.

Kaka yako,
Ramadhani