Mama, Mjukuu Wako Ameota Ndevu

Mama,

Wiki iliyopita tulimaliza matanga yako. Watu walikula, wakaimba, wakalia kidogo, wakala tena, vile ulivyopenda mambo yawe. Sombe, yale majani ya muhogo, iliungua chini ya sufuria, na dada zako wakasema mbele ya watu wote kwamba kama ungekuwapo ungemfukuza mpishi na mwiko wake. Nilicheka mpaka nikatoka nje, na huko nje kicheko kikageuka, wewe unajua.

Halafu wazee wakaniita ninyoe vichwa. Matanga hayafungwi bila wembe, na kinyozi wa ukoo ni mimi. Waliniwekea kiti nyuma ya nyumba, karibu na jiko lako. Nilianza na wajukuu wadogo, wanaolia kabla hawajaguswa. Mwisho akaja Amosi, mwanangu wa kwanza, yule tuliyempa jina la Papa, baba yangu, na wewe ukawa unamwita bwana wako, ukimwekea kipande kizuri cha samaki na kututazama sisi wengine kama wapangaji.

Nilimshika kidevu nimgeuze kwenye mwanga, na mkono wangu ukasimama. Juu ya mdomo wake kulikuwa na weusi kidogo. Nilidhani ni masizi ya jiko. Nikapangusa kwa kidole, hayakutoka.

"Papa, iko nini?" akaniuliza. Sauti ilianza juu kama ya mtoto, ikateleza, ikaangukia chini kabisa.

Esperansi alikuwa amesimama pale na beseni la maji. Dada yangu ana watoto watatu sasa, lakini akiogopa sura yake inarudi ileile ya utoto. Akaniambia mimi kaka yake polepole, "Yaya, mutoe na ile ndevu. Barabara haiko muzuri." Alisema kweli. Kila siku watu wanaingia hapa kwetu Bunia kutoka upande wa Djugu na magodoro vichwani, na huko barabarani wenye bunduki wamerudia kuwatazama vijana kwa macho yale tunayoyajua. Na Amosi alikuwa aende Boga mwezi huu, kwa kaka yako, akasaidie kuvuna kahawa.

Nilikuwa nimeshika wembe, Mama, na sikujua la kufanya. Nikakukumbuka wewe na wembe wako.

Nilikuwa na umri wake, vita vilipokuwa vimeingia mjini mpaka ndani ya mtaa wetu. Papa alikuwa amekwenda Bambu kuchimba dhahabu na hakurudi. Baadaye tuliambiwa tusimngoje. Na mwili wangu nao ukachagua wakati huohuo kuanza vurugu zake. Mguu ulizidi kiatu. Paji la uso likajaa chunusi. Kwapa zikaanza kunuka, ukawa unanipa sabuni bila kunitazama, "Kaoge, unanuka sawa mbuzi dume." Nilikasirika bila sababu, nikalia bila sababu, nikajifungia chooni nisionekane nikilia. Neema, binti wa jirani, akipita na ndoo, nilisahau mikono yangu inawekwa wapi. Na katika kioo cha Papa niliona nywele juu ya mdomo, laini, chache, zangu. Nilifurahi sana. Katika mji ule ambao kila kitu kilikuwa kinachukuliwa, mimi nilikuwa nimeongezewa kitu.

Wewe ulipoziona hukufurahi. Ulikaa chini. Maana mtoto alikuwa akipita kwenye bariyeri, vile vizuizi vya wenye bunduki barabarani, lakini mwanaume hakuwa akipita. Mwanaume waliuliza ni wa kabila gani, wakamtia bunduki mkononi au wakampeleka nyuma ya migomba. Hawakuuliza cheti cha kuzaliwa. Walitazama mdomo na miguu, wakasikiliza sauti.

Basi siku tuliyotoka kwenda Boga ulinirudisha utotoni kwa nguvu. Ulininyoa kwa wembe na sabuni ya kufulia, ukanikata mara mbili, nikapiga kelele ukaniambia ninyamaze, hata kelele yangu imekuwa nzito. Ulichukua suruali yangu ya shule, ya buluu, ukaikata juu ya magoti. Nililia kwa ajili ya suruali ile kuliko nilivyolia kwa ajili ya nyumba. Esperansi ukamfunga mgongoni kwangu na kikwembe, kitenge chako. Kisha ukaenda kwenye takataka nyuma ya nyumba, ukarudi na kile kigari nilichojitengenezea zamani kwa kopo la sardini, chenye magurudumu ya vifuniko vya chupa. Ukakifunga kamba mpya. Ukaniwekea kamba mkononi.

"Utakivuta mupaka Boga. Na usiseme kitu. Weye haukuwe na sauti."

Mama, nilikivuta. Mimi mwenye ndevu! Watu walikuwa wanatembea na mizigo na maombolezo, na mimi kigari kinaruka juu ya mawe nyuma yangu, ngwa-ngwa-ngwa, na Neema na mama yake wako nyuma yetu kidogo tu. Niliomba ardhi inimeze. Kila nilipolegeza kamba ulinifinya sikio.

Kwenye bariyeri ya pili kulikuwa na kijana mwenye bunduki, labda alinizidi mwaka mmoja. Chunusi zake zilikuwa kama zangu. Akanitazama miguu, akatazama tena, akasema, "Weye murefu. Sema jina yako."

Nilifungua mdomo. Ilitoka sauti ya ng'ombe.

Sikumaliza. Kofi lako lilinipata kisogoni, kichwa kikagonga kichwa cha Esperansi, naye akaanza kulia. Na wewe ukaanza. Mama, una mdomo! "Jina? Unamuuliza jina kama mutu? Huyu ni murefu bure! Anakojoaka kitanda mupaka leo! Kila asubui niko naosha mablanketi yake, mikono imeisha! Mafua siku zote, sikia sauti yake, sawa chura! Mumukamate basi, mukamuoshee nyinyi!" Ukanisukuma kwao. Ulinisukuma kwa mikono miwili.

Wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akashika kamba ya bariyeri asianguke. Yule kijana akarudi nyuma kama kwamba kweli ninanuka, akakipiga teke kigari changu, akasema tupite, tupite na mukojozi wetu. Nyuma yangu nilisikia Neema akicheka pia, na sijawahi kusikia kitu kibaya kama kile.

Nilikununia mpaka Boga. Ulinipa muhogo, nikala bila kukutazama. Ulinipa maji, nikanywa nikiangalia milima. Nilikuwa nakuona wewe ndiye adui yangu, si wale. Wale walitaka kunichukua kama mwanaume. Wewe ndiye uliyenivua uanaume mbele ya watu.

Kumbe ulikuwa na mzigo mwingine. Kwetu mambo ya mwili wa mvulana hayasemwi na mama. Ni kazi ya mjomba, na njia nzima ulikuwa unajipa moyo kwamba ukinifikisha kwa kaka yako atanikalisha, atanieleza, utapumzika. Tukafika, nyumba imefungwa kwa mti, jirani akasema kaka yako na watu wake wamekimbia, wamevuka mto Semliki. Ulisimama mbele ya mlango ule muda mrefu.

Kesho yake ukakaa kumenya muhogo, ukaniita nikae nyuma yako, mgongo kwa mgongo, nisikuone nawe usinione. Na ukasema, huku kisu kinakwenda kwa kasi ya kutisha. Ulisema sauti inavunjika ili ijengwe upya. Ulisema nywele zitaota na kwingine, nisishangae, hata mitume ziliwaota. Ulisema hasira ile na machozi yale si wazimu wala pepo, ni mwili unahama nyumba na vyombo bado viko nje. Ulisema msichana ni mtu, akikataa amekataa. Mengine uliyaruka, nilisikia kisu kikisimama mahali pa kurukia. Mwisho ukasema lile la bariyeri, na sauti yako ikapungua. "Nilikutukana juu upite. Haya inaishaka, mutoto yangu. Kufa haiishake."

Nilisogeza mgongo wangu nikauegemeza kwako, ukaacha kumenya. Hiyo ndiyo siku ninayoikumbuka kuliko zote. Jasho lako lilipita kwenye shati langu.

Na tuliporudi Bunia, mji ulipotulia kidogo, sauti yangu ilikuwa imemaliza safari yake. Unakumbuka? Nilitoka kuteka maji, nikaita pale nje, "Niko hapa." Ulitoka mbio na unga mikononi mpaka kwenye viwiko, ukaniona ni mimi, ukasimama. Tulikuwa hatujui kama Papa aliacha kitu. Kumbe aliacha koo lake kwangu. Siku ile bugali ilipoiva ulinisogezea kiti chake, ukainamisha kichwa. "Omba weye sasa." Niliomba vibaya, nikasahau kushukuru chakula, na wewe ukasema amina kama umesikia mahubiri.

Basi niko pale na wembe, na kichwa cha Amosi mikononi mwangu, na Esperansi ananingoja. Nilimnyoa kichwa chote. Kisha nikafuta wembe, nikaukunja, nikauweka mfukoni. Esperansi akaguna. Nikamwambia kijana hatakwenda Boga mwezi huu, kahawa ikaoze. Mjomba atakasirika, akasirike.

Jioni nilimkalisha kwenye salon yangu ya kinyozi, kwenye kiti cha wateja. Mimi sikumpa mgongo, Mama, nisamehe, nilitaka nimwone. Tulitazamana ndani ya kioo. Nilimwambia yote, na yale uliyoyaruka pia, na yeye akawa anaangalia chupa ya pombe ya kusafishia wembe kana kwamba ina maandishi ya ajabu. Nilipofika kwenye lile la mitume alicheka, na alicheka kwa koo la Papa.

Jana nikamwambia aombe kabla ya kula. Aliomba. Mahali ulipokuwa ukikaa, pale kando ya ukuta, mkeka wako bado upo, na sote tuliutazama tukisema amina.

Nakuahidi hivi, mama yangu. Nitamwacha akue. Sitamfanya mtoto kwa sababu mimi naogopa. Lakini siku barabara ikimdai, nami niwe naye, sitakuwa na haya hata chembe. Nitakuwa na mdomo wako.

Tulipofungua sanduku lako tugawe vikwembe, chini kabisa, ndani ya kile cha harusi, tulikuta kigari cha kopo na kamba yake. Nilidhani tulikiacha Boga. Gurudumu moja limepinda pale yule kijana wa bariyeri alipokipiga teke.

Lala, Mama. Amosi nimemwachia ndevu zake. Kigari nimekinyoosha gurudumu, kiko juu ya kabati ya salon, na sikitupi.

Mukojozi wako