Mibonyezo ya Saa Nne

Jumatatu, 3 Machi

Mwezi wa nane huu tangu niache kazi kwa wifi, na bado hanipumzishi. Leo kampigia mama simu: "Mwambie wifi yangu cherehani yake ya dirishani bado ipo, sijamkalisha mtu." Kejeli hiyo! Miaka saba nimemshonea yunifomu kwenye duka lake mpaka shingo ikakakamaa, leo anajifanya ana huruma. Sirudi. Hata kwa kuburutwa.

Tovuti yangu ya kukata na kushona ina makala sitini na moja. Nimeziandika zote mwenyewe, kwa vidole hivi vilivyotobolewa na sindano. Kampuni ya matangazo hailipi mpaka ufikie kiwango chao, na mimi nimebakiza robo. Nikilipwa mwezi huu, naendelea. Nisipolipwa, akiba imekwisha — narudi dirishani.

Mama kauliza hela inatoka wapi hasa. Nilikuwa na haraka. Nikamwambia watu wakibonyeza haya matangazo ya pembeni, mimi napata. "Kubonyeza tu?" Kubonyeza tu, mama! Akataka nimwonyeshe na kwenye simu yake. Nikamwonyesha ili aniache niandike.

Alhamisi, 6 Machi

Wageni mia nne kwa siku! Mwezi jana hawakufika mia mbili. Ni ile makala ya kukata sketi ya marinda bila kupoteza kitambaa. Nilijua tu.

Profesa — huyu fundi kompyuta wa jirani aliyenitengenezea tovuti, mvi kichwa kizima na maneno mengi — kaangalia, kakuna kidevu. Eti matangazo yanabonyezwa mno, hayalingani na idadi ya wageni. Nimemwambia aache kunitia nuksi. Mtu akipata kidogo tu, basi wataalamu wanaota kama uyoga.

Jumanne, 11 Machi

Bado kidogo sana. Mama anaimba akiosha vyombo, ananitazama, anacheka peke yake. Sijui ana nini siku hizi.

Jumatano, 12 Machi

Wameifunga!

Akaunti yangu ya matangazo imefungwa. Barua pepe ya mistari minne, haina hata jina la mtu wa kumtukana. Wanasema matangazo yamebonyezwa kwa hila, na mapato yote yanarudishwa kwa wenye matangazo. Yote! Hila! Mimi sijabonyeza hata moja. Profesa alinionya siku ya kwanza kabisa: mwenye tovuti habonyezi, ndugu zake hawabonyezi, rafiki zake hawabonyezi, wakikushtukia, umekwisha. Nikashika hilo kama dawa.

Rufaa ni moja tu. Fomu ina kisanduku kikubwa: eleza nani alibonyeza, na kwa nini.

Profesa kafungua takwimu. Mibonyezo karibu yote inatoka mji huu huu. Kila siku ya kazi, saa nne asubuhi, dakika kumi, halafu kimya. Saa nne! Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Kwa wifi mashine zinazimwa saa nne kwa chai, dakika kumi kwa saa ya ukutani, hata uwe katikati ya pindo. Miaka saba nimeinywa chai hiyo.

Kumbe ndivyo. Amewakalisha mafundi wake wote wanibonyezee mpaka nianguke, nirudi kwake nimepiga magoti. Mama sijamwambia, atalia. Naanza na mwenye kosa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimetoka dukani kwake. Nilifika saa tatu kamili na nimemaliza maneno yote niliyokuwa nayo. Mbele ya wateja. Mbele ya mafundi watano, mashine zote zimesimama. Nimemwita mnafiki, nimemwita mchawi, nimemwambia kaka yangu alioa nyoka. Na sijutii.

Yeye kasimama tu, futi ya kupimia imening'inia shingoni. "Wamekufungia kwa sababu ya kubonyeza?" Ndiyo, na usijifanye hujui! Uso ukamshuka. Akauliza: "Mama anajua?" Nikamwambia asimtaje mama yangu kwa mdomo huo. "Basi usimwambie leo," akasema. "Nakuomba, wifi."

Ananipangia! Na cherehani ya dirishani kweli haina mtu, imefunikwa kitambaa vizuri. Hata hilo limeniudhi.

Alhamisi hiyo hiyo, mchana

Nilikuwa nimekaa kujaza fomu. Nimeshaandika duka lake na namba yake ya simu. Mama kaingia na daftari kalibana kifuani. "Sikutaka ulione mpaka ulipwe," kasema, "lakini nimeshindwa kungoja."

Mistari ya rula. Siku, majina, alama za vema. Yeye mwenyewe. Majirani wawili. Wifi. Mafundi watano wa wifi. Mama ndiye aliyewaomba, mmoja mmoja, na wifi humpigia kila siku chai ikiisha kumwambia wamemaliza. "Mkwe wangu hajakosa hata siku moja," kasema. "Na wewe unamnunia."

Nikatazama mstari wa leo. Una vema. Leo, saa nne — saa nzima baada ya matusi yangu! Na matangazo yenyewe hayapo tangu jana. Nikamuuliza mama, wifi kasemaje?

"Kasema tayari, mama, wote tumebonyeza. Mimi kwangu hayaonekani tangu jana, lakini kasema ni simu yangu tu, nisihangaike."

Hasira bado ninazo. Sina tu wa kumpa. Nani alimfundisha mama? Kubonyeza tu, mama! Lile onyo la Profesa nilimwambia nani? Sikumwambia mtu. Nilikuwa na haraka.

Fomu iko wazi hapa mezani. Nani alibonyeza, na kwa nini. Duka la wifi nimelifuta, na sijaandika kitu kingine. Naandika humu badala ya kule. Mama anauliza kama hiyo kwenye kompyuta ndiyo barua ya malipo. Anatafuta miwani yake — ameipata. Anavuta kiti.