Mioyo Ishirini na Sita ya Mtoto Asiyekuwepo

Ndugu yangu, weka chini unachokula. Nimetenda dhambi, na shangazi bado hajajua.

Si unajua anafundisha darasa la tatu, na likizo yangu hii namsaidia? Ukutani kabandika ukurasa wa karatasi wa kila mtoto, kama mtandaoni. Ukiupenda ukurasa wa mwenzako, unaubandikia moyo mwekundu.

Mimi, kwa akili zangu za bwenini, nikabandika ukurasa wa mtoto asiyekuwepo. Nikamchora na miwani, nikaandika: "Nafuga mamba bafuni."

Mioyo ishirini na sita. Kwa siku moja! Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Jana kabinti kamoja kapole kakaniuliza, "Kaka, huyu mwenye mamba anakaa dawati gani?"

Nikajibu kwa heshima zote, "Hayupo, mdogo wangu. Ndiyo maana anapendwa."

Ndiyo maana anapendwa! Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu. Na ukurasa wake yeye haukuwa na moyo hata mmoja. HATA MMOJA. Sikuwa nimeangalia.

Leo hakuonekana darasani. Mlinzi anaapa alimwona akiingia getini. Shangazi aliacha somo katikati. Tukatafuta vyooni, jikoni, kila mahali.

Nimemkuta mimi, stoo, nyuma ya madawati mabovu, amekumbatia begi lake. Saa tatu nzima alikuwa humo!

Nikamwambia, "Toka, mama, watu wanakutafuta."

Hakutoka. Akaninong'oneza, "Kaka, sasa hivi nina mioyo mingapi?"